Nimeambiwa mfupa wa taya umeisha, niwekewe wa ng'ombe kwanza ndipo jino lipandikizwe. Wakuu, mfupa unaishaje?

Pengo la Kushoto #1

Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja kwenye mada.

2017 niling'oa gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho. Lilikuwa limetoboka, usiku silali, nikaingia kituo kimoja cha mtaani. Dakika ishirini nikatoka na pamba mdomoni. Niliambiwa nisisukutue siku hiyo na nimeze dawa za maumivu, basi. Maisha yakaendelea, nikazoea kutafunia kulia.

Mwaka huu nimepata visenti nikasema niweke implanti, ile skrubu ya titani inayozamishwa kwenye taya halafu jino linafungwa juu yake. Daktari kapiga eksirei, kageuza skrini upande wangu: "Hapa mfupa umeisha." Nikamuuliza umeishaje na taya ninayo? Akasema pale penye pengo umesinyaa, kwa hiyo kwanza aniwekee unga wa mfupa wa ng'ombe, nisubiri miezi mitano au sita ushike, ndipo skrubu iingie. Aliponitajia bei ya huo unga peke yake nilitaka kuuliza kama ng'ombe mwenyewe naondoka naye.

Naomba kujuzwa: huo mfupa ulikwenda wapi? Ni kweli au natafutiwa hela? Na kuna mtu humu kashawahi kuwekewa?

Mzee wa Kijiwe #2

Ngoja waje. Nimekaa kiti cha mbele.

Dereva wa Fuso #3

Mkuu unapigwa mchana kweupe. Mfupa hauishi, wewe si mshumaa. Mimi nimeng'oa manne na taya iko palepale. Ukiingia hospitali binafsi na shati limepigwa pasi lazima wakuongezee kipengele.

Tabibu wa Mswaki #4

Mleta mada, hilo la bei sitalisemea, ila la mfupa ni kweli.

Taya ina mfupa wake wa msingi, huo hauendi popote kirahisi. Juu ya huo kuna tuta linaloshika mizizi. Tuta hilo huota pamoja na meno, na meno yakitoka nalo linaaga. Ukuta wake wa upande wa shavu na mdomo ni mwembamba, kwa meno ya mbele wengi haufiki hata milimita moja, na sehemu kubwa ya damu yake ilikuwa inapitia kwenye nyuzi zilizoshika mzizi. Ukilitoa jino umekata bomba. Mwili unaanza kuunyonya.

Kuna utafiti wa Denmark wa 2003 uliofuatilia watu 46 waliong'olewa magego. Upana wa tuta ulishuka kutoka wastani wa milimita 12 hadi 5.9 ndani ya miezi 12, na theluthi mbili ya hiyo hasara ilitokea miezi mitatu ya mwanzo. Wewe umekaa tangu 2017.

Dereva, weka kidole kwenye ufizi pale ulipong'oa, upande wa shavu. Halafu weka upande wenye jino. Utuambie.

Dereva wa Fuso #5

Nimeweka. Kuna bonde.

Naomba uzi uendelee bila mimi kwanza.

Mzee wa Kijiwe #6

Hahaha, Dereva kakuta shimo barabarani kwake mwenyewe.

Binti wa Pongwe #7

Mimi nimewekewa, nitasimulia kama ilivyokuwa.

Lilikuwa jino la mbele juu, bodaboda ilituangusha. Jino lilitoka na kipande cha ukuta wake. Nikakaa mwaka na nusu na jino la kuvaa, lile lenye plastiki ya waridi, kila nikicheka nalishika kwa ulimi lisiruke.

Siku yenyewe nilichomwa ganzi kama ya kung'oa, sikulazwa. Kwanza walinitoa damu mkononi vichupa vinne wakaviweka kwenye mashine inazunguka kama blenda. Vikatoka vina kitu katikati kama uteute wa njano, unavutika. Halafu daktari akafungua kichupa kidogo sana cha kioo. Nilitegemea unga wa sembe. Ni chembe nyeupe, kama chumvi ya mawe iliyotwangwa. Akachanganya na damu yangu kwenye kikombe cha chuma, ikawa kama chicha ya nazi imemwagikiwa na rojo la nyanya. Akafungua ufizi, akaijaza pale penye bonde, akaifunika na utando mweupe mwembamba kama ule wa ndani ya ganda la yai, akavuta ufizi juu akashona.

Maumivu hayakuwa makubwa, uvimbe ndio ulinitoa sura. Siku ya tatu jirani alinitazama akaniuliza kama mume wangu ndiye. Sina mume. Wiki ya pili nikatema chembe mbili tatu kama mchanga wa ufukweni, nikapiga simu nalia, nikaambiwa chache kutoka ni kawaida, zikizidi nirudi. Nilisubiri miezi sita. Skrubu ikaingia, mingine minne, jino likafungwa. Sasa natafuna mahindi ya kuchoma kwa adabu.

Fundi Mwashi #8

> Binti wa Pongwe alisema: chembe nyeupe, kama chumvi ya mawe iliyotwangwa

Mimi ni fundi ujenzi, naomba nielewe kwa lugha yangu. Hizo chembe za ng'ombe ndizo zinakuwa mfupa, au ni mirunda tu ya kushikilia zege mpaka likauke?

Tabibu wa Mswaki #9

Fundi umeuliza vizuri kuliko wanafunzi wangu. Ni mirunda. Mfupa wa ng'ombe huchomwa na kusafishwa mpaka nyama, mafuta na protini vyote vitoke, unabaki madini yenye vitundu vingi. Mishipa ya damu yako inapenya humo, chembe hai zako zinakuja kujenga. Zege ni lako.

Fundi Mwashi #10

Sawa. Lakini mirunda hutolewa zege likishakauka. Hii inatoka lini?

Tabibu wa Mswaki #11

Hapo ndipo penye mjadala. Ya ng'ombe huyeyuka polepole mno. Wakikata kipande miaka kadhaa baadaye na kukitazama kwa darubini wanakuta chembe bado zipo, zimezungukwa na mfupa mpya. Wapo wanaosema ni faida, tuta linabaki na umbo lake. Wapo wanaosema huo si mfupa kamili, ni mchanganyiko. Skrubu zinashika vizuri kwa vyote viwili, ndiyo maana ubishi hauishi.

Fundi Mwashi #12

Kwa hiyo mirunda inabaki ndani ya zege. Nikimfanyia hivyo mteja wangu ananipeleka serikali ya mtaa.

Mwalimu Mstaafu #13

Nina neno na Tabibu. Umeeleza kama vile kung'oa ndiko kulikomaliza mfupa. Mara nyingi mfupa huanza kwenda jino likiwa bado limo. Ugaga ukikaa chini ya ufizi miaka, ufizi unatoa damu, watu wanasema "napiga mswaki kwa nguvu", kumbe tuta linaliwa taratibu. Jino linacheza, linang'olewa, halafu tunailaumu koleo. Mimi yangu mawili ya mbele chini yalitoka kwa vidole, hakuna daktari aliyegusa. Picha ilionyesha mfupa umekwisha kabla.

Mleta mada, kabla ya kung'oa ulikuwa unatoa damu kwenye fizi?

Pengo la Kushoto #14

Mwalimu, damu hapana. Lilitoboka tu na kuvimba shavu mara mbili. Mara ya pili nilikamua usaha.

Mwalimu Mstaafu #15

Basi ndiyo hiyo. Usaha chini ya mzizi unakula mfupa. Jibu la tatu hilo.

Asha Koleo #16

Na mimi niongeze la nne, nimefanya kazi chumba cha meno miaka kumi na moja kama msaidizi. Kuna kung'oa na kung'oa. Gego lenye mizizi iliyopinda, anayejua hulikata vipande akatoa mzizi mmoja mmoja. Asiye na mashine, au ana foleni ya watu arobaini nje, anapeleka kushoto kulia mpaka liachie, na ukuta wa nje unakuja nalo. Nimeshaona jino kwenye sahani limeng'ang'ania kipande cha mfupa kama kucha. Mgonjwa haambiwi, anapewa pamba. Simlaumu aliyemng'oa mleta mada, sikuwepo. Ila dakika ishirini kwa gego la chini lililovimba, mmh.

Mama wa Kongoro #17

Jamani mbona mnazunguka. Mtu akikosa kalsiamu mifupa inalika. Supu ya kongoro asubuhi, dagaa na kichwa na mifupa yake, maziwa. Mfupa utarudi bila kuchomwa hata sindano.

Tabibu wa Mswaki #18

Mama kongoro tunakula, usinifungie genge. Lakini haujazi pengo. Mwili unajenga mfupa pale panapotumika. Tuta lisilo na jino halina mzigo, ni kama mguu uliokaa kwenye plasta miezi, unapungua hata ukishiba vipi.

Mama wa Kongoro #19

Mguu ukitoka kwenye plasta unanenepa tena. Mbona tuta halinenepi?

Fundi Mwashi #20

Hapo Mama kakukamata.

Tabibu wa Mswaki #21

Kanikamata kidogo. Nyama ya mguu inarudi kwa kutembea. Tuta likiondoka hakuna mzizi wa kulipa kazi, na meno ya kuvaa yanalikandamiza juu badala ya kulivuta kwa ndani, ndiyo maana hayalisaidii.

Kamau wa Githurai #22

Wadau, mimi niko Nairobi. Yangu ilikuwa gego la juu kulia na hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Juu ya magego ya juu kuna chumba cha hewa ndani ya shavu, sainasi. Ukikaa bila meno hicho chumba kinateremka, tuta nalo linapanda, mnabaki na mfupa kama ganda la karanga. Daktari alinionyesha kwenye picha ya 3D: milimita tatu peke yake.

Kuna njia mbili. Moja wanafungua dirisha dogo ubavuni, wanainua ngozi ya ndani ya hicho chumba bila kuitoboa, wanajaza unga chini yake. Nyingine wanapitia kwa shimo la skrubu yenyewe na kugonga polepole kwa kanyundo. Kwa milimita zangu tatu nikaambiwa ni dirisha. Lakini upande wa kushoto ambako kulikuwa na saba alitumia kanyundo, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Hakuna uchungu, lakini kila akigonga unasikia ndani ya fuvu kama mtu anabisha mlango na uko peke yako nyumbani. Nikisimama dunia ilizunguka siku mbili.

Masharti baadaye: usipenge kamasi wiki mbili, usinywe kwa mrija, ukipiga chafya fungua mdomo wote. Nilipiga moja kanisani wakati wa sadaka, mdomo wazi kama kiboko. Mchungaji alisimama.

Mzee wa Kijiwe #23

Kiboko wa Githurai, karibu kijiweni.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo #24

Assalaam alaykum. Mie mtu wa Unguja lakini niko Maskati mwaka wa tisa. Nshaambiwa na mimi niweke huo unga, nkauliza umetokana na nini, wakasema ng'ombe, na utando wa juu ni wa nguruwe. Nkavaa viatu nkatoka. Hebu wenye elimu watwambie, mtu asali na kitu hicho kinywani?

Mtoto wa Kwa Mzushi #25

Wa alaykumu salaam Bi Mkubwa. Mimi si mufti, nimekaa chini ya masheikh kidogo tu.

La ng'ombe: kwa sisi Mashafii mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisheria ni najisi, na kuuchoma hakuusafishi. Mahanafi wanasema mfupa haukuwa na uhai tangu mwanzo, kwa hiyo mauti hayaunajisi. Lakini hata katika fiqhi yetu upo mlango wa mtu aliyeunga mfupa wake kwa mfupa najisi kwa kukosa ulio safi: huyo ana udhuru na sala yake inasihi. Masheikh wa kale walikuwa wanazungumzia mguu uliovunjika, si skrubu ya Uswidi, lakini mlango upo.

La nguruwe jambo ni zito zaidi, na huna haja ya kufika huko. Tando za ng'ombe zipo, na zipo za kutengenezwa kiwandani. Unga pia upo wa kutengenezwa usiotokana na mnyama yeyote. Muulize daktari kabla, asikwambie siku ya kushona.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo #26

Allah akujaalie. Ntamuuliza wa kutengenezwa.

Mswahili wa Houston #27

Nyie mnahofia ng'ombe, mimi huku Marekani niliwekewa wa binadamu. Upo wa benki za viungo, unatoka kwa watu waliojitolea kabla ya kufa, unakaushwa kwa baridi na kupimwa magonjwa. Huku ni kawaida kabisa. Nilipewa karatasi nisaini, kuna namba ya kichupa. Sikuambiwa ni nani.

Dereva wa Fuso #28

Nimerudi kwa sababu ya hili. Mkuu, usiku huoti Kiingereza cha mtu mwingine? Huamki unadaiwa?

Mswahili wa Houston #29

Nadaiwa, lakini ni na bima.

Mzee wa Kijiwe #30

Kwetu ukitaja hilo kwenye kikao cha ukoo wanatafuta kuku mweusi kabla hujamaliza sentensi.

Mtu wa Usa River #31

Mnasahau maji. Sisi wa huku Arusha na Meru meno yetu ya kahawia yanajulikana nchi nzima, floraidi ya mlimani. Na kuna watoto miguu imepinda kwa sababu hiyohiyo. Kama inapinda mguu itashindwa taya? Hapo ndipo mfupa unapokwenda.

Tabibu wa Mswaki #32

La meno na miguu ni kweli, na watu wa kule Maji ya Chai, hukohuko Arusha, wanalijua zaidi yangu. Lakini floraidi nyingi hufanya mifupa iwe mizito na migumu isivyo kawaida. Haiondoi tuta pale tu palipong'olewa jino moja na kuacha pembeni. Mleta mada kapungukiwa penye pengo, kwingine kuzima.

Mtu wa Usa River #33

Sawa daktari. Ila bado siyaamini yale maji.

Nesi Kanda ya Ziwa #34

Kuna kundi hamjaligusa. Wale walioondolewa "meno ya nailoni" utotoni. Mtoto anaharisha na homa, bibi au mganga anaona ufizi mweupe umevimba, anasema ni nailoni, anachimba kwa msumari au spoku ya baiskeli. Kile kilichomo ni kichipukizi cha jino la kawaida, chonge mara nyingi. Wengine hufa kwa kutoka damu au maambukizi. Anayepona, kuna wakati hata jino la ukubwani halioti. Na Tabibu kasema tuta huota pamoja na jino. Jino lisipoota, tuta linatoka wapi? Nimemwona binti wa miaka ishirini na kitu, penye chonge zote mbili za chini taya imebonyea kama imebanwa kwa vidole. Huyo hakung'oa popote.

Asha Koleo #35

Nesi hapo umenigusa. Mdogo wangu wa mwisho ni mmoja wao. Mama hadi leo anaamini alimwokoa.

Mjomba wa Kijana #36

Naona mnazungumzia vijiko viwili vya unga. Niwape upande wa pili.

Mpwa wangu alianza uvimbe wa taya akiwa kidato cha pili. Hauumi, unakua tu. Tulikaa nao miaka mitatu tukizunguka kwa waganga, aibu yetu hiyo. Hospitali ya rufaa wakakata kinyama, jibu likaja ameloblastoma. Si saratani ya kusambaa mwili mzima lakini inakula taya, na ukiikwangua tu mara nyingi inarudi. Wakaondoa nusu ya taya ya chini, wakaweka bamba la titani kushikilia uso usianguke.

Bamba peke yake halitoshi maisha yote, linaweza kuvunjika au kutokeza nje. Baadaye wakachukua mfupa wa nyonga yake mwenyewe wakaufunga kwenye bamba. Tuliambiwa wengine huchukuliwa ule mwembamba ulio pembeni ya muundi, pamoja na mshipa wake wa damu, ukaunganishwa shingoni kwa darubini. Kwake ilikuwa nyonga. Taya haikumsumbua kama nyonga. Alitembea kama mzee wa fimbo zaidi ya mwezi, anaficha kwa wenzake anasema aliumia mpirani.

Leo anakula ugali. Meno ya upande ule bado. Daktari anasema tusubiri tuone mfupa umeshika kiasi gani.

Pengo la Kushoto #37

Mjomba pole sana, naona langu ni pengo la kawaida. Swali: kama wa mwenyewe unafaa kwa kazi kubwa vile, kwa nini mimi nisipewe wa kwangu bure badala ya ng'ombe wa bei ya pikipiki?

Tabibu wa Mswaki #38

Inawezekana. Kwa eneo dogo huchukuliwa kidevuni au nyuma ya taya karibu na gego la mwisho. Wako una chembe hai, hauna ubishi wa dini wala lebo. Lakini ni vidonda viwili badala ya kimoja, kidevu kinaweza kubaki na ganzi muda mrefu, na wa mwenyewe nao mwili unaunyonya kiasi. Wengi huchanganya nusu kwa nusu. Walimu wangu wawili walibishana juu ya hili mbele yetu mpaka muda wa chai.

Msomaji Mkimya #39

Kwa faida ya wengine, hizi skrubu zilianzishwa na Wajerumani wakati wa vita ya pili, walikuwa wanawawekea wanajeshi.

Mswahili wa Houston #40

Hii ni chai mkuu, tena ya rangi. Ni Msweden, Per-Ingvar Brånemark, wala hakuwa daktari wa meno. Miaka ya 1950 alikuwa anachunguza damu ndani ya mifupa ya sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekikumbatia, hakitoki. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Gösta Larsson, 1965, na skrubu zake alizitumia mpaka alipofariki 2006.

Msomaji Mkimya #41

Sawa, nimerudi kuwa mkimya.

Dereva wa Fuso #42

Babu yangu ni kibogoyo tangu enzi za Mwalimu, anatafuna miwa kwa fizi. Hakuna tuta wala skrubu.

Asha Koleo #43

Miwa kwa fizi! Mwambie babu atume video.

Na mtazame uso wake, Dereva. Pua na kidevu vimekaribiana? Mdomo umeingia ndani? Si uzee peke yake, ni tuta limeondoka juu na chini. Wazee wa hivyo meno ya kuvaa ya chini hayakai hata kwa gundi, yanaelea kama ngalawa, maana hakuna cha kuyashika.

Dereva wa Fuso #44

Vimekaribiana. Nimeacha ubishi rasmi.

Tabibu wa Mswaki #45

Kabla sijasahau, kwa wote wanaofikiria kuwekewa. Sigara iacheni kabla na baada, inabana mishipa midogo na unga unaoza pale badala ya kushika. Sukari ishushwe kwanza. Na mwenye wazazi wanaomeza alendroneti kwa ajili ya mifupa, au waliowahi kuchomwa mionzi ya saratani kichwani, daktari aambiwe mapema, hata kwa kung'oa tu. Taya inaweza kugoma kupona.

Kamau wa Githurai #46

Naunga mkono ya sigara. Rafiki yangu alivuta siku ya pili, ufizi ukafunguka, utando ukaonekana nje, kila kitu kikatolewa. Alianza upya na pesa upya.

Pengo la Kushoto #47

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimekwenda kwa daktari wa pili, kapiga picha ya 3D. Kasema kimo kinatosha, milimita 13 juu ya mshipa wa fahamu wa taya. Upana kwa juu ni 4. Yeye hataki unga mwingi, anataka kulichana tuta katikati kama kuni, alitanue, aweke skrubu humohumo. Wa tatu, rafiki wa shemeji, kasema niachane na yote, nichonge meno mawili ya jirani niweke daraja, yaani jino la bandia la katikati lishikwe na hayo mawili. Mwezi mmoja kazi imekwisha.

Sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja.

Fundi Mwashi #48

Skrubu yenyewe ina unene gani?

Pengo la Kushoto #49

Alisema nne na kidogo kwa gego.

Fundi Mwashi #50

Nguzo ya nne na kidogo kwenye ukuta wa nne. Hata bila kwenda shule.

Tabibu wa Mswaki #51

Inatakiwa ibaki walau milimita moja, moja na nusu, kila upande. Kulichana tuta kunafanyika, ila kwa chini nyuma mfupa ni mgumu, ukuta unaweza kukatika wote. Aliyekuona anajua zaidi yangu. Daraja nalo si dhambi kama meno ya jirani tayari yamezibwa ziba kubwa. Kama ni mazima, ningeyaonea huruma kuyachonga. Na chini ya daraja tuta litaendelea kusinyaa, litakuwa linaonekana kama uvungu.

Mwalimu Mstaafu #52

Na ya jirani yana hali gani mleta mada? Maana sijaona mtu aliyeuliza.

Pengo la Kushoto #53

La mbele zima. La nyuma limelalia pengo, limeinama kama mnazi wa pwani.

Mwalimu Mstaafu #54

Basi hesabu imebadilika tena.

Binti wa Pongwe #55

Mimi kinachoniuma ni kwamba siku ile niliposhonwa baada ya bodaboda, hakuna aliyenitajia kwamba kuna unga unaoweza kuwekwa mapema shimo likiwa bado bichi. Nilikuja kusikia mwaka na nusu baadaye. Ingekuwa kidogo, na rahisi.

Asha Koleo #56

Mara nyingi hatutaji kwa sababu mtu kaja na nauli ya kurudi tu. Unamwonaje usoni umwambie na ng'ombe?

Dereva wa Fuso #57

Wakuu, serious naomba msaada wa haraka. Kesho saa tatu nina miadi, nang'oa la tano. Juu, la pili baada ya chonge. Nimwambieje daktari?

Tabibu wa Mswaki #58

Kwanza muulize kama lazima ling'olewe, au linaweza kusafishwa mzizi na kuzibwa. Akisema lazima, mwombe alitoe taratibu bila kuvunja ukuta wa shavu. Unga wa kujaza shimo muulize upo na bei yake. Ukishindwa bei si mwisho wa dunia, damu yako yenyewe ikigandia shimoni usiisukutue.

Mzee wa Kijiwe #59

Dereva, tupe mrejesho. Sijatoka kwenye kiti.

Dereva wa Fuso #60

Nipo kwenye kiti cha kweli sasa hivi, ganzi bado. Nimemwambia "dokta angalia tuta langu upande wa shavu". Kaweka chini kioo, kaniuliza nimesomea wapi. Kasema tupige picha kwanza, huenda likazibika.